Nzuri, Ila

1

Msusi alikuwa amemaliza upande wa kulia wa kichwa cha Subilaga, ndiyo kwanza anachambua rasta za upande wa kushoto, glavu ya kazi aliyoivaa ilipomfinya mkono. Haikufinya kwa adabu. Ilifinya kama mwalimu wa nidhamu aliyekukuta nyuma ya vyoo wakati wenzako wako mstarini.

"Usiniambie," msusi alisema.

"Nakuambia."

"Subi! Juzi tulisuka mstari mmoja ukaondoka. Jana mistari minne. Kwa mwendo huu upande wa kulia utaota mvi kabla wa kushoto haujasukwa."

"Weka alama ulipofikia."

"Kwani kichwa chako daftari?"

Subilaga alikuwa keshatoka, chanuo la msusi likiwa limechomekwa juu ya sikio lake la kushoto. Dakika nne. Kampuni iliyojiita Zamu ilikupa dakika nne tangu glavu ifinye hadi uwe umesimama penye mtandao na miwani usoni. Ukichelewa mara tatu unarudishwa mkiani mwa foleni, na huko mkiani walikuwepo watu waliokuwa wakingoja tangu kabla hawajaoa. Mvua ya Tukuyu haijawahi kumuuliza mtu kama ana haraka, na siku hiyo haikuuliza pia. Aliruka mtaro, akampita mama muuza ndizi bila kumsalimia, kosa ambalo lingefika nyumbani kwao kabla yake, akaingia bandani akitiririka maji.

Zamani hilo banda lilikuwa la kupimia majani ya chai. Mizani iling'olewa, sakafuni yakachorwa maduara kumi na tisa ya rangi nyeupe, kila duara na mtu wake. Mji mzima uliwaita mikono. Kwenye mikataba waliandikwa "washirika," ingawa hakuna aliyewahi kushirikishwa chochote.

Gwakisa, mwenye banda, alikuwa mlangoni na saa yake ya mkononi.

"Dakika tatu na sekunde arobaini! Tena na nusu kichwa!"

"Nusu nyingine inakuja na zamu ijayo."

"Umepewa nyumba gani?"

Subilaga alivaa miwani, namba ikawaka mbele ya macho yake. 4417. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu apelekwe huko mara ya mwisho, na kwa siku zote hizo hakukuwa na namna ya kuuliza yule bibi anaendeleaje, wala mtu wa kumuuliza.

Kazi yenyewe ndivyo ilivyokuwa. Unaweza kuitwa kwa dakika kumi na mbili ukamkate paka kucha, au kwa saa tisa ukakeshe na mgonjwa. Unaweza kukaa wiki tatu bila kufinywa hata mara moja, mpaka ukaanza kuipima glavu kwa kujifinya mwenyewe, halafu siku moja ukaitwa mara nne, mara moja katikati ya ubatizo. Huambiwi unakwenda wapi. Huambiwi aliyekutangulia alifanya nini, wala atakayekufuata ni nani. Hata jina la nchi hufichwa. Gwakisa alikuwa anabashiri nchi kwa unene wa kondoo waliopita dirishani.

Glavu zilikuwa nyembamba kama soksi za shule zilizofuliwa sana, lakini ndani yake zilipita nyuzi zilizojua mambo mawili tu, uzito na joto. Ukishika kikombe cha chai huko ng'ambo, kiganja chako cha Tukuyu kinapata moto robo sekunde baadaye. Harufu haikuja. Wahandisi waliona harufu ni anasa.

Alifumbua macho ndani ya mdoli. Mdoli ndilo jina mikono walilolipa lile dude: kimo cha mtoto wa darasa la sita, magurudumu mawili chini, mikono miwili mirefu, uso kama sahani. Mbele yake palikuwa na sebule ndogo ya mbao, na dirishani, kwenye kiti chenye blanketi, alikuwa Bibi Ragna. Jina lake alijitajia mwenyewe. Kampuni ilimjua kwa namba.

"Shikamoo, bibi."

Mkalimani wa mashine alitafsiri kwa uaminifu wa kijinga, akachimba neno mpaka mizizi.

"Tena miguu," Bibi Ragna alisema. "Kila mmoja wenu akiingia hapa ananiambia anaishika miguu yangu. Leo basi ishike kweli."

"Ni mimi, bibi. Subilaga."

"Yule wa vichekesho, au yule anayelia?"

"Wa vichekesho."

"Umepotea siku kumi na moja."

"Sikuitwa, bibi."

"Najua. Na mimi siulizwi nani aje. Juzi waliniletea mmoja akanipaka siagi kwenye viatu. Hakuna aliyemwambia kopo lipi la nini." Bibi alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Shika mguu, mwanangu."

Subilaga alipiga magoti, na mdoli ukajikunja. Alivua soksi mbili. Mguu wa kulia ulikuwa na joto la kawaida, joto la mtu aliyekaa karibu na moto. Wa kushoto ulikuwa wa baridi kama chupa ya soda. Alidhani glavu imeharibika. Alirudi kulia, joto. Akarudi kushoto, chupa ya soda. Kidonda cha kisiginoni alichokiona siku kumi na moja zilizopita, kidogo kama punje ya mahindi, sasa kilikuwa kipana kama kifuniko cha mtungi, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva.

"Bibi, mguu huu unauma?"

"Wiki iliyopita uliuma. Sasa hauumi. Unanuka."

Hilo la mwisho lilimtisha kuliko rangi.

"Daktari amekuja lini?"

"Aje kufanya nini? Nyinyi mnasema nzuri."

Bibi aliinua kidole kuelekea ukutani. Palikuwa na ubao wa kioo, ule wa familia, ambao mikono hawakukatazwa kuutazama ila hakuna aliyekuwa na muda. Kila zamu iliyomalizika ilichora jani moja. Yalikuwepo majani thelathini na moja, yote ya kijani kibichi, na chini ya kila jani neno lile lile: shwari.

"Binti yangu yuko mji wa mbali, anayaangalia kila asubuhi," Bibi Ragna alisema. "Nilimwambia mguu unauma. Akaniambia wazee hulalamika, ubao haulalamiki. Daktari wa huku haji kwa kuitwa na mtu. Anaitwa na ubao."

"Lakini mimi nilisema! Niliutaja mguu, bibi, naapa niliutaja!"

"Nilikusikia. Wote mnautaja. Nimekaa hapa nawasikia."

Kengele ililia sikioni. Zamu ilikuwa imekatwa, dakika kumi na moja tu tangu ianze, bila sababu kama kawaida. Sasa ikaja sauti ya Msikizi, ile mashine ya kupokea taarifa ya makabidhiano, sauti ya kiume yenye upole wa mtu anayeuza bima.

"Hali ikoje?"

Unapewa sekunde tisa za kujibu. Subilaga alivuta pumzi, akafungua mdomo kama alivyofundishwa na mama yake, na bibi yake, na kila mtu mzima aliyewahi kumsimamisha njiani.

"Nzuri, ila mguu wake wa kush..."

"Nzuri. Asante."

Na kabla giza halijafunika miwani aliliona kwa macho yake. Yeye alikuwa bado yuko kwenye "ila," jani la thelathini na mbili likawa limeshachipua ukutani, kijani kibichi.

2

"Lete sauti yako," alimwambia Gwakisa, maji ya mvua yakiwa bado yanamdondoka kwenye ile nusu ya kichwa isiyosukwa.

"Sauti yangu ipi? Ya kwaya?"

"Ya taarifa. Nyumba 4417. Si umewahi kwenda?"

Gwakisa alikuwa amekwenda mara sita. Kila mshirika alikuwa na haki ya kusikiliza taarifa zake za zamani, haki ambayo hakuna aliyewahi kuitumia, kama mtu anavyoacha kusoma karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa. Waliketi kwenye benchi wakasikiliza. Sauti ya Gwakisa ilitoka nzito, yenye heshima zake zote: "Nzuri kabisa, tunamshukuru Mungu, ila kuna kakidonda hapa kisig..." Chini yake mashine ilikuwa imeandika: *Nzuri. Urefu wa taarifa: nusu sekunde.*

"Weka nyingine."

"Nzuri tu, ila bibi hali chak..." *Nzuri.*

"Nyingine."

"Njema, njema, ila leo amean..." *Nzuri.*

Gwakisa aliacha kutabasamu. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuendesha mazishi.

Mama Anyosisye, muuguzi mstaafu aliyekuwa na duara la pembeni karibu na jiko, alisogea na kikombe chake. Naye alisikiliza zake. "Salama, mwanangu, ila..." "Salama kabisa, ila huu mguu..." Mara tano. Alipomaliza alikaa chini polepole.

"Miaka thelathini na miwili wodini," alisema. "Sijawahi kuondoka zamu bila kutoa ripoti."

"Umeitoa, mama," Subilaga alisema. "Wote tumeitoa. Hili dude linafunga daftari kabla hatujafika."

"Linashika neno la kwanza tu, halafu linafunga," Gwakisa alisema taratibu, kama anayesoma mtihani. "Walilifundisha kwa watu wanaoulizwa hali wakataja hali."

"Basi tuanze na mbaya."

Walitazamana. Mama Anyosisye alishusha kikombe.

"Nianze na mbaya? Kama sina wazazi?"

"Jaribu tu, mama. Hali ikoje?"

"Nz..." Alijikamata mdomo kwa kiganja. Bandani watu wawili walicheka, kisha wakajaribu wao, wakacheka tena lakini kwa chini. Hapo Tukuyu hata mtu aliyetoka kuzika, ukimuuliza habari za nyumbani, atakuambia nzuri, ila tumefiwa. Neno la kwanza ni la kumkaribisha mwenzako ndani. Habari yenyewe huja baadaye, mtu akishakaa.

Subilaga aliandikia kitengo cha msaada. Jibu lilikuja kabla hajaondoa kidole.

*Habari Mshirika! Asante kwa kutuandikia kuhusu: MGUU. Je, glavu yako ya mguu ina hitilafu?*

*Hakuna glavu ya mguu. Mgonjwa anaoza mguu. Taarifa zetu zinakatwa. Naomba mtu.*

*Tunaelewa! Mtu atapatikana baada ya sikukuu, siku ya nne kuanzia leo. Ungependa kutathmini mazungumzo haya?*

"Wape nyota tano," Gwakisa alisema. "Ukiwapa moja watakutumia dodoso."

Lakini mzaha wake haukuwa na miguu. Alikwenda kwenye kabati, akatoa mkataba wa banda, akaufungua mahali palipokunjwa. Hakuwa na haja ya kutafuta. Alisoma kwa sauti: nyumba yenye taarifa za shwari zaidi ya thelathini mfululizo ikipata ghafla taarifa ya mbaya, mikono yote iliyotoa shwari husimamishwa kwa ukaguzi wa udanganyifu, pamoja na banda ilimosajiliwa.

"Kuna banda kule bondeni walikaguliwa," alisema. "Mwezi wa kumi na nne huu. Bado wanakaguliwa. Wamefuga kuku humo."

"Mguu wa bibi una siku nne?"

"Mimi daktari?"

"Mama Anyosisye, una siku nne?"

Mama Anyosisye hakutazama mtu. "Vidole vya zambarau, mguu wa baridi, maumivu yamekata," alisema. "Ule mguu ulitakiwa kuonwa jana. Ukipanda ukafika damuni, hatutakuwa tunaongelea mguu."

"Subi." Gwakisa aliketi karibu yake, benchi likalia. "Nisikilize kabla hujanichukia. Sisi ni kumi na tisa humu. Nje ya hili banda hakuna kazi nyingine hapa mjini ya mtu asiye na shamba, unajua. Siku nne tu. Mtu mwenye masikio anafungua ofisi, tunampigia, tunamwambia mashine yenu ni kiziwi. Bibi anapona na sisi tunabaki. Ukisema mbaya leo, bibi anapona na sisi tunaitwa waongo. Na hatukusema uongo!"

"Na akifa siku ya tatu?"

"Nimekwambia mimi siyo daktari."

"Sikukuuliza kama daktari."

Gwakisa aliukunja mkataba tena. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi.

3

Halafu ikaja siku ya kwanza ya kungoja, na ya pili, na Subilaga hakuweza kukaa mahali pamoja. Kusema mbaya lazima kwanza uitwe, na hakuna aliyejua ataitwa lini wala wapi. Glavu ilimfinya akimenya ndizi: akaenda kufuta madirisha ya hoteli isiyo na wageni. Ilimfinya kanisani: akashika ngazi kwa dakika tisa mtu akibadilisha taa, hakumwona hata uso. Ilimfinya chooni, na hilo tuliache. Kila mara namba ilipowaka moyo ulimpanda, na kila mara haikuwa 4417, naye akapumua. Hapo ndipo alipojishtukia. Alikuwa anapumua kwa nafuu. Mdomo ulikuwa unamwambia kila mtu kwamba anasubiri kuitwa, na tumboni alikuwa anaomba asiitwe.

Msusi alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "We nusu! Rudi tumalize!" Hakuweza. Kukaa kitini dakika thelathini kulimshinda.

Jioni ya siku ya pili aliyeitwa 4417 alikuwa Mama Anyosisye. Bandani wote walijua, maana alisema namba kwa sauti, na maduara yaliyokuwa kimya yalimgeukia. Walimwona akiinama, mikono yake ikivua soksi ambazo hazikuwepo. Walimwona akibaki ameshika hewa kwa muda mrefu. Kisha bega lake likakaza. Msikizi alikuwa amemuuliza.

"Salama," Mama Anyosisye alisema.

Alivua miwani. Alikuwa analia.

"Nilikuwa nimepanga," alisema. "Nimelipanga lile neno tangu asubuhi. Mdomo umetangulia."

Hakuna aliyemlaumu. Gwakisa alimletea chai, na Subilaga hakujua kama ni kwa huruma au kwa nafuu. Labda naye hakujua.

"Ule ubaridi umepanda mpaka wapi, mama?" Subilaga aliuliza.

"Nusu ya muundi."

4

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, 4417 ilimfinya yeye.

Alifika kwa dakika mbili. Bandani walikuwa watano kazini, kila mmoja ndani ya duara lake akifanya vitu visivyoonekana: mmoja anakunja shuka la hewa, mwingine anamlisha mtu asiyekuwepo, Mama Anyosisye amepiga magoti pembeni na mikono yake imeshika kitu kizito kwa uangalifu mkubwa. Gwakisa alimwona Subilaga akivaa miwani, akaiona na namba kwenye kioo cha nje.

Bibi Ragna hakuwa kitini. Alikuwa kitandani, blanketi tatu juu yake, uso mdogo kuliko siku zote.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitania miguu.

"Bibi, hali ikoje?"

"Nzuri," Bibi Ragna alisema.

Subilaga alidhani mkalimani amekosea.

"Nimejifunza kwenu," bibi alisema, macho yamefumba. "Inapunguza maongezi."

Aliweka kiganja kwenye paji la uso: moto, moto wa sufuria. Akashusha mkono chini ya blanketi mpaka kwenye goti la kushoto. Goti lilikuwa na joto. Chini ya goti, baridi. Alipita na kiganja polepole akitafuta mahali joto linapoishia, na akapapata, mstari kabisa, kama mpaka wa shamba.

Taarifa haitolewi mpaka zamu iishe. Zamu ingeweza kuisha baada ya dakika moja au baada ya saa tisa. Njia nyingine ilikuwa kujitoa, vidole viwili vikibanwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Alivisogeza vidole.

Mkono ulimgusa bega. Mkono wa kweli, wa Tukuyu.

"Subi." Ilikuwa sauti ya Gwakisa, karibu na sikio, bila mzaha hata chembe. "Kesho, Subi. Kesho asubuhi mtu anafungua ofisi. Imebaki siku moja tu."

Alisimama hivyo, miguu yake kwenye banda la chai na kiganja chake kwenye goti la mtu ng'ambo ya dunia. Aliwawaza wale kumi na nane mmoja mmoja, majina yao. Hakuna hata mmoja aliyefanya kosa. Waliambiwa waseme hali, wakaisema kama watu wanavyoisema. Sasa yeye peke yake alikuwa anakwenda kuwafanya waongo kwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa la kweli. Alijaribu kumpa Gwakisa hiyo siku moja. Aliipima. Kisha kiganja chake kikasikia, chini ya ule mstari wa baridi, kwamba mstari haukuwa pale ulipokuwa dakika moja iliyopita, au labda alijidanganya, labda ni glavu. Hakungoja kujua.

Alibana.

"Hali ikoje?"

Sekunde tisa ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Ya kwanza na ya pili alizitumia kuziba mdomo, maana "nzuri" ilikuwa imeshafika kwenye meno, imepanga foleni yenyewe bila kuitwa. Ya tatu alimwona mama yake. Ya nne alisikia Gwakisa ameacha kupumua. Ya tano alijing'ata ulimi hasa, mpaka akaonja damu. Ya sita ikapita bure.

"Mbaya," alisema.

Sauti ya Msikizi ilipoteza ule upole wa bima.

"Mbaya imepokelewa. Daktari na gari la wagonjwa: dakika kumi na nne. Mlango umefunguliwa. Familia imejulishwa."

Ukutani jani jipya lilichipua jekundu, na yale ya kijani yaliyokuwa nyuma yake yakaanza kugeuka kijivu moja baada ya jingine. Bibi Ragna alifumbua jicho moja, akautazama ubao, akautazama mdoli.

"Hatimaye," alisema. "Mmoja wenu amekosa adabu."

Giza.

5

Subilaga alitegemea watasimamishwa zamu zao zikiisha. Mkataba haukusema hivyo, na haukusema vinginevyo. Lakini alipovua miwani aliona taa za glavu zinawaka nyekundu bandani, duara kwa duara, kama mtu anapita akizigusa. Aliyekuwa anakunja shuka alibaki amenyoosha mikono. Aliyekuwa analisha alisema, "We! We! Kijiko kiko mdomoni!" akaipiga miwani yake kofi.

Ilichukua muda kila mtu kuelewa. Kisha wakamgeukia Gwakisa, na Gwakisa akamtazama Subilaga, na wao wakamtazama pia.

"Daktari ameitwa," Subilaga alisema. Ulimi ulikuwa unamuuma. "Dakika kumi na nne. Nimesikia mwenyewe."

Hakuna aliyesema asante, wala aliyetukana. Mmoja aliivua glavu, akaitupa kwenye ndoo, akatoka mvuani bila mwavuli. Gwakisa alifungua mdomo, na Subilaga aliona kabisa kwamba maneno aliyoyapanga yalikuwa mabaya, na kwamba alikuwa na haki ya kuyasema.

"Nimemshika shingo," Mama Anyosisye alisema.

Alikuwa bado amepiga magoti pembeni. Hakuwa amevua miwani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda kama wa mama anayembeba mtoto, wa kulia umetangulia chini ya mgongo usioonekana.

"Mama, imekatika," Gwakisa alisema.

"Najua imekatika. Nilikuwa namwogesha. Yumo kwenye maji mpaka hapa." Alionyesha kwa kidevu, hakuthubutu kwa mkono. "Mzee wa watu, mwepesi kama kifurushi. Nimemshika shingo."

"Mdoli ukikatika unakaza, mama. Hauachii. Mkono mwingine utapokea kutoka banda lingine. Shusha mikono."

"Umewahi kuuona ukikaza?"

"Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani? Na hao waliotuandikia shwari?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama Anyosisye alikuwa na miaka sitini na saba, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kutoka kwenye kiwiko, lakini haikushuka hata unene wa kidole. Wote pale bandani walijua hakuna mtu ndani ya ile mikono. Hakuna aliyesogea kumwambia.

Subilaga alivuka maduara. Alipiga magoti mbele yake, uso kwa uso, akapitisha mikono yake chini ya mikono ya mama, mpaka ngozi ikagusa ngozi.

"Nipe, mama. Kichwa kiko upande gani?"

Mama Anyosisye alisita. "Kushoto kwangu. Usimbane, shingo yake nyembamba."

"Nimepata kichwa. Mgongo?"

"Huku. Kuna mfupa umetokeza, usiuguse."

"Nimeuona. Hali yake?"

Mdomo wa mama ulianza kujipanga kwa desturi, kisha ukaacha.

"Anaogopa," alisema. "Hapendi maji masikioni. Asubuhi hakula. Ukimwimbia anatulia, wimbo wowote."

"Nimepokea, mama. Shusha taratibu."

Mama Anyosisye alishusha mikono. Alikaa sakafuni na kuegemea ukuta, miwani ikiwa bado usoni, na machozi yakatoka chini ya miwani yakafuata njia zake. Subilaga alibaki amepinda pale, magoti kwenye saruji, amebeba hewa. Alijiona mjinga. Hata hivyo hakuachia. Baada ya muda alianza kuimba kwa chini, wimbo wa kwanza uliomjia.

Alisikia benchi linalia, kisha hatua nzito. Gwakisa alikuja akasimama juu yake. Alikuwa bado na hasira. Ilionekana kwenye shingo yake. Aliitazama saa ya mkononi kwa muda, kama mtu anayetafuta humo kitu cha kusema, kisha akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko.

"Nusu saa," alisema. "Halafu napokea mimi."